Nimezunguka Saudia siku 11 na mama yangu, na sio Makka na Madina tu (uzi mrefu, kaeni mkao wa kula)

Mngamiani
Wakuu, salaam.

Swali nililoulizwa mara nyingi kuliko yote kule ni hili: "Umekuja kwa nani?" Dereva wa teksi Jeddah kaniuliza. Mhudumu wa hoteli Madina kaniuliza. Dada mmoja wa Kitaita tuliyekutana naye ufukweni naye kaniuliza, tena kwa Kiswahili. Mtu mweusi mwenye lafudhi ya pwani, kwao ni moja kati ya mawili: kaja Umra au kaja kazi. Ukijibu "nimekuja kutembea" wanabaki wanakutazama wakisubiri umalizie sentensi.

Naishi Maskat mwaka wa saba sasa, kazi yangu uhasibu. Mama yuko Tanga, ana miaka 67, na Umra alikuwa anaisubiri tangu marehemu baba yuko hai. Nikasema safari hii simpeleki halafu nimrudishe mbio. Tumalize ibada, kisha tuione nchi.

Tuanze na viza, maana najua ndiyo mtakayouliza. Saudia ilifungua viza ya utalii tarehe 27 Septemba 2019. Kabla ya hapo uliingia kwa Hija, Umra, kazi, biashara au kumtembelea ndugu, basi. Viza ya mtandaoni ilianza na nchi 49, na hakukuwa na hata moja ya Afrika. Baadaye wakaongeza Afrika Kusini, Morisi na Shelisheli. Tanzania, Kenya na Uganda, nilipoomba mimi, hazikuwamo. Ila kuna milango ya pembeni. Ukiwa mkaazi wa nchi yoyote ya Ghuba unaomba mtandaoni, hawajali cheo cha kazi yako. Ukiwa na viza ya Marekani, Uingereza au Schengen ambayo umeshaitumia, nayo inakufungulia. Mimi niliingia kwa ukaazi wa Oman. Viza yenyewe ni ya mwaka mzima, unaingia na kutoka upendavyo, jumla ya kukaa isizidi siku 90.

Mama kaingia kwa viza ya Umra. Nakuja huko.

Kipara wa Buza
Naweka kambi hapa. Ila bibie, hii isije ikawa chai, yaani hadithi ya kutunga. Mtu wa viza ya Umra anaruhusiwaje kutoka Makka akaenda kuzurura jangwani? Mjomba wangu alikwenda zamani, pasipoti zao zote zilishikwa na kiongozi wa msafara, Jeddah yenyewe wameiona kwenye basi.

Mngamiani
Mkuu, mjomba wako hajakosea, enzi zake ndivyo ilivyokuwa: Makka, Madina, Jeddah, mwisho. Mwaka 2022 wakabadilisha. Viza ya Umra sasa inafika siku 90 na mwenye nayo anatembea mji wowote wa nchi ile. Wengi wetu hatujui, na mawakala wengi wa Umra huku kwetu hawana haja ya kutuambia, kwa sababu wao wanauza kifurushi cha siku kumi na mbili, hoteli na basi humo humo. Muulize wakala wako mapema tarehe ya tiketi ya kurudi, hapo ndipo watu wanapokwama. Sheria zenyewe zinabadilika kila mara, hakikisheni kabla ya kulipa.

Sasa Jeddah. Kila Mswahili anaijua kwa uwanja wa ndege na kuku wa Al Baik (ni kweli, ni watamu, na shibe yake haifiki riyali 20). Riyali moja piga kama shilingi 700 za kwetu. Lakini kuna mji wa kale pale, Al-Balad, UNESCO waliuingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2014. Mimi nilidhani nampeleka mama kwenda kushangaa. Hakushangaa hata kidogo. Aliweka kiganja ukutani, akakisugua, akasema, "Haya si matumbawe haya? Kama nyumba ya bibi yako Pangani."

Kweli ni matumbawe, wameyatoa Bahari ya Shamu, chokaa juu yake, na boriti za mbao zimepita ukutani kwa ulalo. Tofauti ni madirisha. Wenyewe wanayaita rawashin, masanduku makubwa ya mbao yametokeza nje ya ukuta, yamechongwa matundu matundu upepo upite na mwanamke aone njia bila kuonekana. Mengine yameinama kama yanataka kuanguka. Ukarabati unaendelea kila kona, kwa hiyo jiandaeni na vumbi.

Katikati ya mji ule kuna nyumba ya Nasif, ya miaka ya 1870. Mfalme Abdulaziz alifikia humo alipoichukua Jeddah mwaka 1925. Ngazi zake ni pana na za mteremko, wenyeji wanakwambia ngamia alipanda na mzigo mpaka juu. Mbele ya mlango kuna mti mmoja. Kwa muda mrefu ndio ulikuwa mti pekee mjini, mpaka nyumba yenyewe ikaitwa Nyumba yenye Mti. Mimi nahangaika na simu nitafute pembe nzuri ya picha, mama kainama kaokota jani, kalitia mdomoni, katafuna, katema pembeni.

"Mwarobaini."

Mlinzi alikuwa anamtazama kwa macho makubwa. Mama akamweleza kwa Kiarabu chake cha madrasa kwamba kwetu hiyo ni dawa ya homa. Mlinzi akacheka, akamwokotea mengine matatu.

Nyoka wa Mdimu
Hahahaa mama kafika Uarabuni kakuta mwarobaini. Endelea dada, tuko pamoja.

Mwana wa Kibokoni
Hayo madirisha hata kwetu Mji wa Kale Mombasa yako, japo yetu ni madogo. Swali langu ni moja: weye ni mwanamke na mamako, mlikuwa wenyewe tu? Hapakuwa na maneno ya maharimu, mwanamume wa kuwasindikiza?

Mngamiani
Peke yetu kaka. Hakuna aliyetuuliza. Hoteli mwanamke anachukua chumba kwa jina lake. Wanawake wanaendesha magari tangu Juni 2018, na mimi niliendesha. Leseni yangu ya Oman walikubali wale wa kukodisha magari. Baibui halilazimishwi kwa mgeni, wanachotaka ni mabega na magoti yafunikwe, ingawa sisi tulivaa yetu ya kila siku kwa hiyo sikupata jaribio lolote la kuwasimulia.

Kutoka Makka mpaka Madina tulipanda treni ya mwendokasi ya Haramain, kilomita 450 kwa saa mbili na ushee. Kibao cha ndani kilipoonyesha kilomita 300 kwa saa mama alishika tasbihi kwa mikono miwili. Madina tukakaa siku tatu, hizo ni zake na Mtume wake, sitaziandika hapa.

Madina kwenda AlUla, mji wa kale kule jangwani, ni kama kilomita 330, tulipita njia ya Khaybar. Kuna kipande kirefu ardhi ni nyeusi tii, mawe yamemwagika mpaka upeo wa macho. Ni volkano ya zamani. Mama alidhani pameungua. Kisha nyeusi inaisha na mlima mwekundu unaanza, umechimbwa na upepo, mwingine umetoka kama tembo ameshusha mkonga (ndio, wanauita Mlima wa Tembo, jioni watu wanakaa mchangani chini yake wanakunywa chai). Petroli ilikuwa riyali mbili na kidogo kwa lita. Kitu cha kuogopa barabarani ni ngamia. Vibao vyake viko kila mahali na havipo kwa ajili ya urembo. Jua likizama, egesheni.

Mimi nimeshika usukani, mama alikaa kimya mpaka Khaybar, halafu akaniambia, "Baba yako alikataa nisijifunze hata baiskeli." Akageuka dirishani. Mpaka leo sijui alikuwa anacheka au vipi.

Ustaadh wa Magomeni Mapipa
Assalaam alaykum dada. Naomba niulize kwa nia njema. AlUla hiyo ndiyo yenye Madain Salih, siyo? Pale ni Al-Hijr, makazi ya Thamud, waliomkadhibisha Nabii Salih na kumchinja ngamia. Mtume (s.a.w.) alipopita hapo akielekea Tabuk aliharakisha na kujifunika, akawazuia masahaba wasinywe maji ya visima vyake, na akasema msiingie kwa walioadhibiwa ila mkiwa mnalia. Imo kwa Bukhari na Muslim. Leo watu wanauziwa tiketi na kahawa. Wewe uliingia?

Mngamiani
Waalaykum salaam ustaadh. Hapa ndipo penyewe, na nilijua utakuja.

Niliingia. Mama hakuingia.

Ngoja nieleze palivyo kwanza. Huendi na gari lako. Unakata tiketi (mimi nililipa riyali 95), mnapakiwa basi, na kila kituo mnashuka kwa dakika kadhaa. Wanaowaongoza wanaitwa rawi, yaani msimulizi, wengi ni vijana wa pale pale AlUla. Wetu alikuwa binti, kavaa niqabu, anasema Kiingereza kilichonyooka kuliko changu. Mahali penyewe, hiyo Al-Hijr yako, wanapaita Hegra, urithi wa kwanza wa Saudia kuingia UNESCO, mwaka 2008. Kuna makaburi makubwa 111 yamechongwa ndani ya mwamba, 94 kati yake yana nakshi. Binti alisema ni kazi ya Wanabatea, watu wale wale wa Petra kule Jordan, karne ya kwanza kabla na baada ya Nabii Isa. Walianza kuchonga juu wakishuka chini. Hilo unaliona kwa macho kwenye lile kubwa la peke yake, Qasr al-Farid: juu ni laini kama limepigwa randa, chini limebaki mwamba wa makovu ya patasi, fundi hakurudi.

Juu ya milango kuna maandishi. Sikujua kabla kwamba ni kama hati ya nyumba! Wanaandika kaburi ni la nani, nani anaruhusiwa kuzikwa humo, na atakayeliuza au kumwingiza mtu asiyehusika alipe faini kwa miungu yao na kwa mfalme. Wamo na wanawake wenye makaburi kwa majina yao wenyewe. Mmoja anaitwa Hinat binti Wahbu, mwaka 2023 wataalamu walionyesha sura yake waliyoiunda kutokana na mifupa iliyokutwa kaburini kwake. Mimi mhasibu, nilisimama pale nikasahau hata picha.

Sasa mama. Kwenye kituo cha kwanza watu wakashuka, yeye kakaa. Nikamwambia mama, msimulizi anasema hawa siyo Thamud, ni watu wa baadaye kabisa. Akanijibu: "Thamud walitangulia. Hao wengine wapangaji."

Dereva wa basi, Msudani, mtu mzima, akasikia kitu akaniuliza mama amesema nini. Nikamtafsiria. Akacheka, akasema yeye anaendesha pale mwaka wa pili na hajawahi kuvuka kizingiti cha kaburi hata moja. Basi vituo vyote vinne wakawa wawili ndani ya basi, mlango wazi, wanabadilishana tende. Mimi niliporudi kituo cha mwisho nimewakuta wanazungumzia kisukari.

Kulia sikulia ustaadh, siwezi kukudanganya. Kucheka pia sikucheka.

Ustaadh wa Magomeni Mapipa
Allah amhifadhi mama. Jibu lake nimelichukua, nitalitumia Ijumaa.

Profesa Bila Chuo
Ustaadh, na wewe ukumbuke elimu ya mambo ya kale imeyasoma yale maandishi, yana tarehe za miaka ya utawala wa mfalme wao Harithat. Kaburi lenye tarehe haliwezi kuwa la Thamud.

Ustaadh wa Magomeni Mapipa
Na mimi sijasema makaburi ni yao. Nimesema ardhi. Soma ulichojibu tena taratibu.

Mzawa wa Mbalizi
Mimi Mkristo wa Mbeya, naishi Ujerumani, viza ninayo. Naenda au nitafute kwingine?

Mngamiani
Nenda. Makka huingii, na Madina eneo la Haram huingii, barabarani kuna vibao vinakuelekeza upite wapi. AlUla, Jeddah, Riyadh, pwani, kote sawa. AlUla ina uwanja wake wa ndege kwa hiyo Madina huna hata haja nayo. Kanisa hakuna nchi nzima, na ibada ya hadharani isiyo ya Kiislamu hairuhusiwi, Jumapili utasali chumbani. Pombe hakuna, usijaribu kubeba. Na ndugu zangu wa mirungi, wale wa Same na Meru mnanielewa: kule ni dawa ya kulevya na adhabu yake siyo ya kuombea radhi.

Nguo za baridi, beba. Nilikwenda Januari, usiku AlUla ulishuka mpaka nyuzi 6. Mama alivaa koti langu juu ya koti lake. Ukienda Julai utakutana na 43 Riyadh, kwa hiyo Novemba mpaka Februari ndiyo saizi yetu.

Hoteli AlUla ni ghali kupita kiasi, zile za mahema ya kifahari usiku mmoja ni kodi ya nyumba Tanga ya miezi. Sisi tulilala nyumba ya kupanga mjini, kwa watu wa kawaida, jirani akatuletea kabsa, wali wao wa nyama. Mahali pa bei nafuu pa kuzunguka ni mji wao wa kale: nyumba za udongo mamia zimebanana, watu wa mwisho walihama miaka ya 1980. Kuna kimnara kinachoitwa Tantora, kivuli chake kikifika kwenye jiwe fulani wanajua msimu wa baridi umeingia, wapande. Mama alilielewa jiwe hilo haraka kuliko mimi.

Riyadh sitaisemea sana. Siku mbili. Metro yao mpya iliyofunguliwa Desemba 2024 ina njia sita, nauli riyali 4, safi mno. Ngome ya Masmak ina mlango ambao ncha ya mkuki ya mwaka 1902 bado imechomeka, siku Abdulaziz yule yule alipouchukua mji. Dir'iyah imekarabatiwa mpaka imekuwa mpya kuliko Masaki. Jiji ni magari na lami, sikulipenda, na anayelipenda aje aseme.

Komredi Kidete
Nimesoma yote, umeandika vizuri. Lakini hatutakaa hapa tusifie milango na mikuki tu. Nchi hii hii Oktoba 2018 mwandishi Jamal Khashoggi aliuliwa ndani ya ubalozi wao mdogo Istanbul. Nchi hii hii dada zetu waliokwenda kazi za ndani wanarudi kwenye masanduku ya maiti. Mageuzi yao ya kazi ya 2021 yaliyomruhusu mfanyakazi kuhama mwajiri, wafanyakazi wa ndani hawakuguswa. Utalii ni poda ya usoni. Hela yako umeichangia poda.

Mngamiani
Komredi, sina jibu la kukushinda na sitalitafuta. Mama alitaka Makka, na Makka iko huko, haikuhamishwa. Baada ya hapo nilichagua mwenyewe kutumia hela yangu AlUla, hilo ni langu. Nilichokiona kwa macho ni hiki: yule dada wa Kitaita ufukweni Jeddah alikuwa na watoto wawili wa watu, mmoja amemlalia begani. Tuliongea kama dakika nne. Aliniuliza umekuja kwa nani, nikamwambia nimekuja kutembea na mama. Akarudia, "Kutembea." Kisha simu yake ikaita, akasimama kabla haijaita mara ya pili.

Nilitaka kuiweka mwanzo wa uzi nikaona nitawakatisha tamaa.

Kipara wa Buza
Daah. Haya, nimefuta neno chai.

Akoth wa Kondele
Nimekuwa nikisoma tu, leo wacha niandike. Mimi nilikuwa shagala, yaani mfanyakazi wa nyumbani, Jeddah miaka miwili na miezi minne. Simu nilipewa Ijumaa, pasipoti niliiona siku ya kurudi. Sikupigwa, wacha niseme ukweli, wenzangu walipigwa. Hio AlUla sijawahi sikia hata jina, na kwa runinga yao labda ilikuwa inapita mimi niko jikoni.

Lakini Balad naijua. Ramadhani madam alikuwa anapenda kuenda huko usiku, mimi nyuma na mtoto kwa mgongo na mifuko mikononi. Huo mti wako nimesimama chini yake mara mingi nikimngoja. Nilikuwa naangalia majani nikisema hii ni kama mwarubaini ya kwa mama yangu, lakini mikono ilikuwa imejaa na hakukuwa na mtu wa kuuliza.

Mngamiani
Ndio wenyewe dada. Nimemsomea mama ulichoandika, yuko hapa kwenye simu. Anasema jani lile lilikuwa chungu sawasawa.